Shimo la Mipaka Mitatu

Sogeeni karibu, na mwenye haraka apite zake salama, maana habari hii ukiikimbiza nayo inakukimbia. Ni habari ya Bi Semeni wa Mtindili, mwanamke aliyekwenda mbali kumtafuta mdogo wake wa tumbo moja, akamkuta ndani ya ardhi, mzima wa afya, anakunywa chai.

Lakini kwanza mjue kilichomtoa nyumbani. Baba yao alipofariki aliwaachia shamba, nusu ya Semeni na nusu ya Mbaruku, na katikati mstari wa minyaa. Minyaa mnaijua. Haizai, hailiwi, kuni zake ni moshi mtupu, na utomvu wake ukikuingia machoni utalia mpaka majirani waje kukupa pole. Basi juu ya minyaa hiyo ndugu wawili waligombana. Semeni alisema iko upande wake. Mbaruku alisema iko upande wake. Walinuniana msimu mzima, wakawa wanasalimiana kwa kukohoa, mpaka asubuhi moja Mbaruku akabeba sururu na koleo lake akaenda zake, eti amesikia kuna kazi ya kuchimba huko nchi za mbali. Semeni alijikaza. Akajikaza wee, mwisho akajikuta kila jioni anapika chai ya watu wawili na kuinywa yote peke yake. Alipochoka kulala na tumbo lililojaa chai, akafunga kibwebwe, akasema anakwenda kumrudisha kabla ya mvua za kupandia.

Njia aliyopita tuiache. Vumbi ni lile lile mnalolijua, na jua pia. Tumkute amekwisha kufika Kutano, mahali ambapo nchi tatu zinagusana kwa ncha, katika nyika tambarare, nyekundu, isiyo na mti hata wa kumfunga mbuzi. Upande mmoja wa Kutano ni nchi ya Utukuzo, upande wa pili nchi ya Ukamati, upande wa tatu nchi ya Uzinduo. Jengo pekee la maana ni hoteli ya Bi Zawena, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu shambani, na hoteli yenyewe imekalia mipaka yote mitatu. Jiko liko Ukamati, meza ziko Uzinduo, na ndoo ya kunawia mikono iko Utukuzo. Mteja akitaka kula lazima asafiri nje ya nchi kwenda kunawa, kisha arudi, na mikono ikikauka njiani hiyo ni shauri yake.

"Hodi," Bi Semeni alisema mlangoni.

"Karibu, mama. Umeingilia nchi gani?"

"Nimeingilia mlangoni."

"Basi uko Uzinduo. Kaa, lakini kiti hicho usikisogeze nyuma, kitavuka."

Bi Semeni alikaa kwenye ncha ya kiti. Akashukuru, akauliza kama kuna mtu anayemjua kijana mmoja mchimbaji, mrefu, mabega mapana, mbishi, jina lake Mbaruku.

"Mbaruku! Yupo hapo nje," alisema Bi Zawena huku akikanda unga. "Chini."

"Chini wapi?"

"Chini tu, mama. Ardhini."

Bi Semeni aliruka, kiti kikavuka mpaka. "Mmemzika mdogo wangu?"

"Astaghfirullah! Mtu gani huyo anazikwa halafu anadai sukari iongezwe? Nimemteremshia kikombe sasa hivi. Nenda kamwone mwenyewe."

Alimkuta. Nyuma ya hoteli kulikuwa na shimo jembamba, la mviringo, lenye kina cha kutia kizunguzungu, na pembezoni mwake viti vitatu, kila kiti katika nchi yake, vimekaliwa na maofisa watatu waliokuwa wakilitazama kama watu wanaongoja sufuria ichemke. Bi Semeni hakuwasalimu. Alilala kifudifudi ukingoni, akachungulia. Kule chini kabisa aliona uso mdogo wenye matope, unamtazama.

"Dada?" uso ulisema.

"Ni mimi."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuchukua."

"Nimekwama."

"Naona," alisema Bi Semeni, na moyo wake ukamwenda mbio, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kumsikia Mbaruku akikiri kwamba amekwama.

Sasa ilikuwaje mtu mzima, fundi wa kuchimba, akajichimbia asikoweza kutoka? Maofisa walimweleza kwa adabu zote, na hapo ndipo Bi Semeni alipoanza kuzijua nchi hizo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Mlekwa wa Utukuzo, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya msikitini. Katika nchi yao hakuna anayesema neno kabla ya kuwatambua wakubwa, wawepo wasiwepo. "Mtukufu Mkuu wa nchi yetu, ambaye hayupo," alianza. "Mtukufu Msaidizi wake, ambaye naye hayupo. Watukufu wa mikoa, wa wilaya na wa tarafa, ambao hawakuweza kufika. Majirani zangu mliopo. Mama mgeni. Na wewe uliye chini, kwa nafasi yako. Itifaki imezingatiwa." Kisha akaketi, amechoka, bila kusema alichokusudia kusema.

Ikabidi aeleze Bwana Songoro wa Ukamati, mwembamba, miwani puani. Alisema nguzo ya zamani ya mpaka, ambayo ndiyo ilikuwa mti pekee katika nyika yote ile, imeliwa na mchwa. Nchi tatu zikakubaliana kusimika nguzo mpya ya chuma, na wakamwajiri Mbaruku achimbe shimo lake. "Kamati yetu ilipendekeza kina cha kufika kiunoni," alisema. "Wenzetu wa Utukuzo wakaona kiuno ni dharau kwa Mtukufu Mkuu, ambaye ni mrefu, wakataka shimo la kufika kichwani. Wenzetu wa Uzinduo wakasema hawawezi kuzindua shimo ambalo jirani amelikadiria. Wakaongeza. Nasi tukaunda kamati ya kupitia nyongeza, tukaongeza."

"Na nyinyi mlioongeza, hamkufikiria atatokaje?"

"Mkataba ulisema achimbe mpaka atakapoambiwa basi," alieleza Bi Nambuo wa Uzinduo, mama nadhifu aliyening'iniza mkasi shingoni kwa utepe. "Na neno basi lazima tuliseme sote watatu. Tulilisema jana. Lilikuwa basi zuri sana, nililizindua mwenyewe."

Huyu Bi Nambuo, katika nchi yake hakuna kitu kinachoanza kabla ya kukatiwa utepe. Mbele ya macho ya Bi Semeni alifunga utepe mdogo kwenye sikio la kikombe chake cha chai, akaukata, akapiga makofi, ndipo akanywa. Chai ilikuwa imepoa.

Bi Semeni alicheka. Alicheka mpaka akaona haya, kisha akakumbuka aliyeko chini, akakunja uso. "Jamani, watu wazima na akili zenu," alisema. "Mstari hauonekani, haushikiki, haulimwi wala haupaliliwi, na mko tayari kumwacha mtoto wa watu shimoni kwa ajili yake? Kwetu hatuna upuuzi wa namna hii."

"Dada," sauti ikatoka chini.

"Nini?"

"Ile minyaa ni ya nani?"

Bi Semeni aliwatupia maofisa jicho. "Mbaruku, hapa si mahali pake."

"Mimi nakuuliza tu. Nikitoka humu, narudi kwenye minyaa ya nani?"

"Minyaa ni yangu!" Bi Semeni alijibu kabla hajajizuia. "Marehemu baba aliipanda akiwa amesimama upande wangu. Alama za miguu yake niliziona kwa macho yangu!"

Maofisa watatu wakatazamana. Bwana Songoro akavua miwani kwa heshima. "Mama huyu anaelewa mambo," alisema.

"Angefaa sana ubalozi," aliunga mkono Bi Nambuo, na hata Bwana Mlekwa akatikisa kichwa bila kumtambua mtu yeyote kwanza. Bi Semeni alisikia uso wake ukiwaka moto, akajifanya anafunga kanga yake vizuri.

"Basi mimi niko sawa hapa," Mbaruku alisema kutoka chini, na kikombe chake kikasikika kikiwekwa juu ya jiwe. Ndivyo alivyo huyo. Mkaidi tangu tumboni.

Basi ikawa mchana. Bi Zawena alitoka jikoni na sinia la maandazi, na hapo Bi Semeni akaona jambo. Maofisa wale walikuwa wamekwisha kurudi vibandani mwao, kila mmoja kwenye nchi yake, mlango umefungwa. Lakini harufu ya maandazi ilipopita, milango mitatu ikafunguka kwa mpigo, na watatu wakaja mbio wakapishana mlangoni mwa hoteli mabega yakigongana. Hakuna aliyetambua watukufu. Hakuna aliyeitisha kikao. Bi Nambuo aliuma andazi lake bila utepe. Bi Semeni alilitia jambo hilo kichwani, akalinyamazia.

Akawauliza watamtoa lini mdogo wake.

"Leo," walijibu kwa pamoja, midomo imejaa. Walikuwa na kamba tatu, zote zimefungwa kifuani mwa Mbaruku, kila nchi na yake. Mkataba ulikataza nchi moja kumvuta peke yake, kwa sababu kichwa chake kikitokeza upande mmoja nchi hiyo itakuwa imechukua cha wenzake. Na hata bila mkataba, Mbaruku ana mwili wa kubeba magunia. Mtu mmoja hamwezi. Kwa hiyo wangevuta wote watatu, saa kumi kamili.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Semeni. Akakaa ukingoni kungoja.

Saa kumi ikafika. Alitoka Bwana Mlekwa peke yake, akawatambua wote wasiokuwepo, akashika kamba yake, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mbaruku hakunyanyuka hata kisigino. Bwana Mlekwa akafuta jasho, akasema wajibu wake ameutimiza, akarudi ndani. Baada ya muda mrefu saa kumi ikafika tena. Akatoka Bwana Songoro, akavuta, akashindwa, akasema atawasilisha taarifa. Jua lilikwisha kuanza kulala upande saa kumi ilipofika kwa mara nyingine, na Bi Nambuo akatoka, akakata utepe uliofungwa kwenye kamba, akavuta, akateleza, akakaa chini, akajipigia makofi.

"Mnafanya nini?" Bi Semeni alipiga kelele. "Si mlisema mtavuta pamoja?"

"Tumevuta pamoja," alisema Bi Nambuo kwa mshangao wa kweli. "Sote tumevuta saa kumi."

Kumbe kila nchi ina saa yake! Utukuzo saa huanza kuhesabiwa pale Mtukufu Mkuu anapoamka, na siku akiwa amechelewa kulala, alfajiri ya watu wote inamngoja. Ukamati saa hupitishwa kwa kikao, na wajumbe wakikosa kukubaliana, saa sita hubaki saa sita mpaka kesho yake. Uzinduo, saa ikifika hukaa nje kama mgeni mpaka ikatiwe utepe. Jana walivuta hivyo hivyo. Na kesho wangevuta hivyo hivyo, wakishangaa uzito wa kijana.

Bi Semeni aliwaita wote watatu, akawaweka mbele yake kama watoto wa madrasa. "Chagueni saa moja," alisema. "Saa yoyote. Ya mmoja wenu."

Laiti asingesema. "Ya nani?" aliuliza Bwana Mlekwa, na kanzu yake ikaanza kutetemeka. Alisema Mtukufu Mkuu hawezi kuamshwa na saa ya kigeni. Bwana Songoro alisema yuko tayari kuunda kamati ndogo ya saa, ambayo mjumbe wake angekuwa yeye mwenyewe. Asubuhi alikwisha kukutana na nafsi yake juu ya suala hilo, ila akidi haikutimia. Bi Nambuo alisema afadhali shimo lizinduliwe kama lilivyo, na mtu ndani, liwe kivutio cha wageni.

"Na kuna suala la madini," aliongeza Bwana Songoro. "Kwa sheria zetu zote tatu, kila kinachotolewa ardhini ni madini. Lazima ijulikane ni madini ya nani kabla hayajatoka."

"Madini ana dada yake hapa!" Bi Semeni alifoka. "Madini anakoroma akilala! Madini mama yake alimnyonyesha!" Akaparamia kamba zote tatu kwa pamoja, Bi Zawena akaacha unga akaja kumsaidia, wakavuta wanawake wawili mpaka viganja vikachubuka. Mbaruku alinyanyuka kidogo, akarudi chini, na punje za udongo zikamwangukia kichwani. Maofisa wakawaomba kwa upole waziachie kamba, kwa kuwa ni mali za mataifa.

Ndipo Mbaruku akasema kitu kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya ubishi.

"Dada, miguu yangu imelowa."

Wote wakachungulia. Kule chini kulikuwa na kitu kinachong'aa. Katika nyika ile ambayo maji huletwa kwa lori kutoka mbali, shimo la heshima za watu lilikuwa limefika kwenye maji, na maji yalikuwa yanapanda kuta za mchanga. Kipande cha udongo kilimeguka kikaanguka na mlio wa kitu kizito. Bi Semeni akilini alimwona Mbaruku amefukiwa, akaiona chai ya watu wawili jikoni kwake, kila jioni, mpaka afe.

"Hii inabadilisha kila kitu," alisema Bwana Songoro, macho yamemtoka. "Shimo lenye maji si shimo, ni kisima. Mkataba wetu ni wa shimo." Na wakakubaliana, mara yao ya kwanza siku ile kukubaliana jambo, kwamba kwa kisima unahitajika mkataba mpya. Wakaingia vibandani mwao kwenda kuuandaa, kila mmoja wa kwake.

Bi Semeni alimshika Bi Zawena mkono. "Unga umebaki?"

"Wa mwisho. Lori haliji mpaka wiki ijayo."

"Upike wote. Tia hiliki. Na unipe kikapu chako kikubwa."

Bi Zawena alimtazama, akamwelewa, akacheka kicheko cha chini chini, akakimbilia jikoni. Mafuta yalipoanza kulia, Bi Semeni alilala tena ukingoni.

"Mbaruku. Nateremsha kikapu cha maandazi. Zifungue kamba kifuani, uzifunge zote tatu kwenye mshikio wa kikapu, halafu wewe ukikumbatie kikapu kama ulivyokuwa ukinikumbatia mimi ng'ombe akikufukuza. Usiachie. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mbaruku. "Na minyaa?"

"Mwanaharamu wewe! Maji yamefika wapi?"

"Magotini. Na minyaa?"

Udongo ukameguka tena, mkubwa kuliko wa kwanza. Bi Semeni alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia. "Yako! Ichukue! Yote, na mizizi yake, na utomvu wake, na kivuli chake! Minyaa gani nitakayoisemesha mimi nikiwa peke yangu? Toka humo, mdogo wangu, toka!"

Kule chini Mbaruku akatema mchanga.

"Yote?" Mbaruku aliuliza.

"Yote!"

"Haya. Teremsha kikapu."

Kikapu kikashuka kwa kamba nyembamba ambayo Bi Zawena huteremshia chai, maandazi yanatoa mvuke. Bi Zawena akabakisha moja tu, akasimama nalo upande wa upepo, akalipasua katikati. Hiliki ikasafiri. Vibanda vitatu vikafunguka kwa mpigo mmoja, na maofisa watatu wakatoka mbio, kalamu bado mikononi.

"Yako wapi?" aliuliza Bwana Mlekwa. Hakumtambua mtu.

"Yako chini, bwana mkubwa," alisema Bi Semeni, macho makavu kabisa. "Yameangukia kisimani. Unga umekwisha, na lori mnalijua. Kamba zenu zimefungwa kwenye kikapu. Lakini sijui sheria zenu zinasemaje."

Walisimama, wakatazamana. Bwana Songoro alifungua mdomo kutafuta kifungu. Hakikuwepo. Katika nchi zote tatu, pamoja na watukufu wao wote na kamati zao zote na mikasi yao yote, hakuna aliyewahi kutunga sheria ya kuvuta maandazi. Bi Nambuo akatupa jicho kwa jirani yake wa kulia, jirani wa kulia akamtupia wa kushoto, na kila mmoja akaona wazi kwamba mwenzake yuko karibu kuinama. Basi wote wakaziwahi kamba kwa wakati mmoja!

Mama yangu, walivuta! Walivuta kama watu wanaoibiwa. Kila aliyeona mwenzake anakaza naye alikaza zaidi, na kutoka chini sauti ya Mbaruku ikaanza kupanda, kwanza ya mbali, kisha ya karibu, anaguna, anakohoa mchanga. Kuta za shimo zilianguka nyuma yake kwa kishindo, maji yakaruka. Kikatokeza kikapu. Kikatokeza mikono iliyokikumbatia, halafu kichwa chekundu chote kwa matope, na meno.

Bi Semeni alimshika shati, akamburuza mbali na ukingo, akampiga kofi la mgongo, akamkumbatia, akampiga tena. Alilia na kucheka kwa pamoja, na Mbaruku, mtu mzima yule, aliuficha uso wake begani kwa dada yake, akakaa hapo.

Wale watatu walikuwa wamerundikana chini kwa nguvu ya kamba, wanakula. Walipofika andazi la katikati ndipo Bwana Mlekwa alipotazama alipokalia, akaona yuko Ukamati. Bwana Songoro alikuwa Uzinduo, na miguu ya Bi Nambuo ilikuwa imeingia Utukuzo mpaka magotini bila kibali. Walitazamana kwa muda. Halafu kila mmoja akaangalia pembeni na kuendelea kutafuna, na jambo hilo halijaandikwa popote mpaka leo.

Waliposhiba, mambo yalirudi yalivyokuwa. Bi Nambuo alimfunga Mbaruku utepe kiunoni, akaukata, akatangaza kwamba amezinduliwa rasmi. Bwana Mlekwa alimshukuru Mtukufu Mkuu kwa kumwokoa kijana huyu. Bwana Songoro aliunda kamati ya kuchunguza kwa nini zoezi limefanikiwa, isije ikatokea tena. Na Bi Semeni alisikia baadaye kwamba kila nchi iliwatangazia watu wake kuwa yenyewe peke yake ndiyo iliyomvuta mgeni, huku majirani wakitazama.

"Na nguzo sasa mtaisimika wapi?" aliuliza Bi Zawena, akichota maji ya kisima kwa ndoo yake, maji matamu, ya baridi, yaliyotoka huko chini bila kuuliza yako nchi gani.

"Tutangoja yakauke," walimjibu.

Hayajakauka. Wanachota wote watatu, kila mmoja kwa ndoo yake kutoka upande wake, na nguzo ya chuma imelazwa nyuma ya hoteli, Bi Zawena anaanikia nguo.

Bi Semeni na Mbaruku walifika Mtindili mawingu yakianza kukusanyika. Mnafikiri ubishi ulikwisha? Siku ya pili yake Mbaruku alikwenda kukagua minyaa yake, akaona inataka kukatwa, inataka kuzibwa mapengo, na utomvu umemrukia shavuni. Akamfuata dada yake barazani.

"Dada, nimefikiri. Nusu nitakurudishia."

"Sitaki."

"Theluthi basi."

"Ulisema yote," alijibu Bi Semeni akimimina chai, vikombe viwili. "Nami nimetoa yote. Kuna maofisa wa nchi tatu, nenda ukawaulize."

Chai ile ilimlazimu Mbaruku kuzunguka kwa njia ya barabarani kila siku ili aifikie, na ikipoa alilalamika. Mwisho waliamua wafungue mlango katikati ya minyaa. Hapo wakagombana tena, maana Semeni anataka upana wa mtu mwenye sinia na Mbaruku anataka upana wa toroli, na mpaka ninaposema nanyi hawajapatana. Lakini Mbaruku amekwisha kuanza kung'oa visiki. Juzi nilipita, nikamkuta yumo ndani ya shimo la kisiki, anachimba kwa hasira kuufuata mzizi, udongo unaruka, yeye anaonekana mabega tu. Bi Semeni alikuwa barazani, birika mkononi, anamtazama.

"We Mbaruku!" alimwita. "Usizidishe hapo! Leo maandazi sijapika!"